Wiki 21 za Brentford

Barabara ya Great West ilifunguliwa na Mfalme George wa Tano mwaka 1925, na haikupita miaka mingi kingo zake zikajaa viwanda. Firestone walijenga kiwanda chao cha matairi mwaka 1928, jengo jeupe lenye nguzo ndefu upande wa mbele. Gillette wakaja mwaka 1937 na mnara wao wa matofali wenye saa. Trico, kampuni ya waipa za magari yenye makao yake Buffalo katika jimbo la New York, nayo ilikuwa imekwisha kuweka mashine zake Brentford. Watu wa magharibi ya London wakapaita mahali hapo Maili ya Dhahabu, kwa kuwa kazi zilikuwepo, mishahara ilikuwepo, na anayefukuzwa mlango huu alibisha hodi mlango wa jirani. Tangu mwaka 1965, Brentford yote imekuwa sehemu ya manispaa ya Hounslow.

Katika kiwanda hicho cha waipa ndipo palipotokea, mwaka 1976, kisa ambacho kila anayesomea uongozi wa taasisi angepaswa kukijua. Vitabu vingi vya usimamizi husimulia habari za wakurugenzi wakuu waliookoa kampuni zilizokuwa zikizama. Hiki ni kisa cha kiwanda chenye mameneja, wasimamizi na wanasheria wa kutosha, ambamo uongozi uliwatoka wote hao ukahamia kwa wanawake waliokuwa wakiunganisha waipa.

Tuanze na sheria. Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Malipo Sawa mwaka 1970. Nyuma yake kulikuwa na mgomo wa mwaka 1968, wanawake 187 waliokuwa wakishona vitambaa vya viti vya magari katika kiwanda cha Ford, Dagenham, walipoweka chini kazi hadi waziri Barbara Castle akawaita ofisini kwake. Sheria ilipotoka, waajiri hawakulazimishwa kuifuata siku ile ile. Walipewa muda wa kujiandaa, na tarehe ya kuanza kutumika ikawekwa 29 Desemba 1975. Miaka mitano! Ni muda unaotosha kupitia orodha ya mishahara jina kwa jina, kuzunguka kila mstari wa mashine na kuuliza kila anayesimama pale: unafanya nini, na unalipwa kiasi gani?

Pale Trico wanaume walikuwa na zamu ya usiku na wanawake zamu ya mchana. Mgawanyo huo ulitokana na sheria za zamani za viwanda, zilizozuia wanawake kufanya kazi usiku bila kibali maalumu. Malipo yalitegemea pia wingi wa kazi mtu anayoitoa, na viwango vya zamu ya usiku vilikuwa juu. Wanawake hawakuwa wakiwaona wanaume hao kazini. Wao wakiingia asubuhi, wale wameshaondoka. Kisha mwaka 1975, biashara ya magari ikiwa imedorora, kampuni ikaifuta zamu ya usiku. Baadhi ya wanaume wakahamishiwa mchana, na wakaja na mishahara yao.

Hapo ndipo jambo lilipojitokeza wazi. Wanaume watano wakawa wamekaa kwenye mistari ile ile ya kuunganishia waipa, pamoja na wanawake, wakishika vipande vile vile na kufikisha hesabu ile ile ya siku. Kwa kazi hiyo kila mmoja wao alimzidi mwanamke wa karibu yake kwa pauni 6 na nusu kwa wiki. Mwaka 1976 fedha hiyo haikuwa ndogo kwa mtu wa kiwandani. Na haikuhitaji mtaalamu kuigundua, maana siku ya malipo watu huzungumza.

Tuwatendee haki mameneja. Pengo lile halikubuniwa na mtu mmoja mwenye roho mbaya. Lilirithiwa kutoka makubaliano ya miaka ya nyuma, na mengine kati ya hayo chama chenyewe cha wafanyakazi kilihusika kuyajadili. Kampuni ilijitetea kwamba wanaume wale walikuwa tayari kurudi usiku ikihitajika, kwa hiyo kuna tofauti kati yao na wanawake. Ukisoma mafaili, hoja hiyo inasimama vizuri tu. Lakini ukishuka chini kwenye mstari saa nne asubuhi haina miguu, kwa kuwa hakuna usiku wowote uliokuwa ukifanyiwa kazi. Huyu anaunganisha waipa na yule anaunganisha waipa.

Chama cha mafundi mitambo, AUEW, kilijaribu mazungumzo, na mazungumzo yakagonga mwamba. Tarehe 24 Mei 1976 wanawake wakatoka nje, wakavuka hadi bustani ya Boston Manor iliyo karibu na kiwanda, wakafanya mkutano. Wapatao 400 wakaamua kutorudi ndani mpaka walipwe sawa. Baadhi ya wanaume wa kiwanda wakaungana nao, na wengine wakabaki kazini. Mwezi uliofuata chama kikautambua mgomo rasmi, na waliogoma wakaanza kupata posho ya chama, ndogo ukilinganisha na mshahara, lakini iliyowawezesha kununua mkate.

Mwenyekiti wa kamati ya mgomo alikuwa Eileen Ward, mfanyakazi mwenzao. Sally Groves, msichana aliyekuwa kwenye mstari wa uzalishaji, akashika kazi ya habari na matangazo. Miongo mingi baadaye ndiye aliyeshirikiana na Vernon Merritt kuandika historia ya mgomo huo. Katika ofisi ya chama ya wilaya ya Southall alikuwapo katibu Roger Butler, aliyewapa wanawake hao uzoefu wake bila kuwanyang'anya usemi wao. Nasisitiza jambo hili la Butler. Chama kile kiliongozwa na wanaume, na katika mikutano mingi ya zama zile wanawake walitegemewa kusikiliza na kupiga makofi. Kwamba kamati ya Brentford ilibaki mikononi mwa watu wa Brentford ni sehemu ya sababu iliyofanya mgomo udumu.

Walidumu kwa mipango. Malango yalilindwa usiku na mchana, kwa zamu, na atakayelinda alijulikana mapema. Akina mama wenye watoto walipangiwa saa zinazowaruhusu kuwafuata shuleni. Watu ambao hawakuwahi kusimama mbele ya mkutano wowote walitumwa katika viwanda vingine kueleza habari zao na kuchangisha fedha. Mara ya kwanza mtu hutetemeka, mara ya pili husahau alichotaka kusema, lakini baada ya mara kadhaa anajua hesabu zake vizuri kuliko meneja wa fedha. Walikuwa watu mchanganyiko, Waingereza, Waayalandi, wenye asili ya Karibi na Asia, vijana na waliokaribia kustaafu. Kuwaweka pamoja kwa miezi mitano, mishahara ikiwa imekatwa, ni kazi ya uongozi isiyopungua kazi ya kuendesha kiwanda.

Na ulikuwa msimu wa joto usiosahaulika Uingereza. Kuanzia 23 Juni hadi 7 Julai, kwa siku 15 mfululizo, mahali fulani nchini palipita nyuzi 32 kila siku. Nyasi zilikauka, mabomba yakafungwa. Langoni Trico watu walikaa kwenye viti vya kukunja, mabango yakiwa yameegemezwa kwenye uzio.

Upande wa pili menejimenti ilichagua njia ya malori. Usiku wa manane yalikuja kwa msafara, polisi wakiyafungulia njia, kuingiza na kutoa mizigo ili viwanda vya magari visikose waipa. Hesabu gharama yake: madereva wa usiku, ulinzi, mizigo iliyochelewa, wateja wenye wasiwasi, kiwanda kinachofanya kazi nusu. Wiki baada ya wiki kampuni ilitumia fedha ili isilipe pauni 6 na nusu. Hili hutokea mara kwa mara pale wakuu wanapoanza kuliona dai la wafanyakazi kuwa jaribio la nguvu zao. Swali la kwanza, kama dai ni la haki, linasahauliwa. Linabaki swali la nani atapepesa jicho kwanza.

Kampuni ikaenda pia kwenye baraza la kisheria la migogoro ya kazi. Chama kilikataa kuhudhuria. Kiliona jinsi kesi nyingi za malipo sawa zilivyokuwa zikiangushwa katika mwaka ule wa kwanza wa sheria, na hakikutaka kuiweka hatima ya wanachama wake mikononi mwa watu watatu mezani. Baraza likasikiliza upande mmoja, likaipa kampuni ushindi. Kwa karatasi, Septemba ile, mameneja wa Trico walikuwa wameshinda. Lakini asubuhi iliyofuata hukumu, mistari ilikuwa mitupu kama jana yake na wanawake walikuwa langoni kama jana yake. Hukumu haiunganishi waipa.

Wiki chache baadaye kampuni ilisalimu amri. Tarehe 15 Oktoba 1976 makubaliano yalipatikana: kiwango kimoja cha malipo, mwanamume au mwanamke. Jumatatu iliyofuata walirejea kazini kwa pamoja baada ya wiki 21. Hakuna mgomo wa malipo sawa uliofanikiwa Uingereza ambao ulikuwa umechukua muda mrefu hivyo.

Msomaji wa Afrika Mashariki atauliza sisi tunaingia wapi. Tunaingia mapema sana. Msimu ule ule wa joto, maili chache kaskazini mwa Brentford, huko Willesden, mwanamke mmoja mfupi alitoka katika kiwanda cha kusafishia picha cha Grunwick na hakurudi tena. Jayaben Desai alizaliwa Gujarat mwaka 1933, akaolewa, akaishi Tanganyika ambako mumewe alikuwa meneja katika kiwanda cha matairi. Walihamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Wenzake wengi pale Grunwick walikuwa Wahindi wa Kenya, Tanzania na Uganda, familia zilizoondoka kwa hofu au kwa amri. Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 mwezi Agosti 1972, na wapatao 28,000 waliingia Uingereza. Waliokuwa na maduka na ofisi Kampala na Nairobi walijikuta kwenye mistari ya viwanda vya London, wakiamriwa na wasimamizi waliodhani kwamba mtu mwenye shida hana kauli.

Desai alitoka tarehe 20 Agosti 1976. Kilichomchosha kilikuwa namna ya kutawaliwa: saa za ziada za lazima zinazotangazwa dakika ya mwisho, ruhusa ya kwenda chooni, vitisho vya kufukuzwa. Alipokuwa akitoka alimwambia meneja kwamba mahali pale pamekuwa bustani ya wanyama, na kwamba katika bustani hiyo wamo pia simba. Mgomo wao ulidumu hadi Julai 1978. Maelfu walikuja kuwaunga mkono, wafanyakazi wa posta ya Cricklewood walikataa kugusa barua za kampuni, na tume ya Jaji Scarman ilipendekeza waliogoma warudishwe. Mwenye kampuni, George Ward, alikataa, na wakashindwa. Wanawake wa Trico walipata fedha yao, wa Grunwick hawakurudishwa hata kazini. Tofauti moja kubwa ni kwamba Brentford palikuwa na chama ndani ya kiwanda tangu zamani, na Willesden kilikuwa kinaundwa siku ile ile ya vita.

Kuna jirani wa pili wa kisa hiki, na huyu yuko nyumbani kwetu. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alitoa Waraka wa Rais Namba 1, ulioagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma. Februari 1971 chama cha TANU kikatoa Mwongozo. Kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi wa Tanzania majivuno, anasa, dharau na uonevu, na kikawaambia watu kwamba wana haki ya kuikataa tabia hiyo. Wafanyakazi wa Dar es Salaam walikisoma kifungu hicho kwa makini kuliko waandishi wake walivyotarajia. Viwanda kadhaa vilisimamisha mashine, na malalamiko mengi hayakuwa ya mshahara kwanza. Yalihusu mabosi wanaotukana, wanaofukuza bila kusikiliza, wanaopita bila salamu. Mwezi Juni 1973, wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi: walikishika kiwanda na kukiendesha wenyewe. Wenzao wa viwanda vingine walipojaribu kufuata, dola iligeuka. Chama kilichoandika kifungu cha 15 kilianza kuwaambia wananchi wasikitumie vibaya.

Ukiviweka Brentford na Mount Carmel pamoja, unaona jambo ambalo kozi za uongozi hulipita haraka. Serikali ya Uingereza iliandika sheria nzuri ya malipo, TANU iliandika kifungu kizuri cha tabia, na katika nchi zote mbili walioajiriwa kuyatekeleza maandishi hayo walisubiri mpaka watu wa chini wakayatekeleza kwa nguvu. Meneja wa Trico alikuwa na miaka mitano na hakuitumia. Mabaraza ya wafanyakazi Tanzania yaliundwa, lakini mengi yaliachiwa kushauri tu, wenyeviti wakiwa mameneja wale wale. Mtu anapopewa nafasi ya kusema na asipewe nafasi ya kuamua, huchoka haraka, na akichoka husimamisha mashine.

Maili ya Dhahabu haikubaki vile. Firestone walitangaza kufunga mwaka 1979, na jengo lao jeupe likabomolewa wikiendi ya sikukuu ya Agosti 1980, siku chache tu kabla serikali haijaliweka kwenye orodha ya majengo yanayohifadhiwa. Trico nao walihamia Pontypool, Wales, katika miaka ya 1990. Wapo wanaosema mgomo ndio uliokiua kiwanda. Sikubaliani nao: kiwanda kiliendelea Brentford zaidi ya miaka 10 baada ya mgomo, na majirani waliofunga kabla yake hawakuwa na mgomo wa malipo sawa wa kulaumu. Ajira za Hounslow zilielekea Heathrow, iliyo ng'ambo tu ya mpaka wa manispaa, kwenye mizigo, usafi, na majiko yanayopika chakula cha ndege.

Ni katika jiko mojawapo kati ya hayo, Agosti 2005, ambapo somo la Brentford lilithibitika kuwa halikusomwa. British Airways walikuwa wameuza idara yao ya chakula mwaka 1997, na ikawa mali ya kampuni iitwayo Gate Gourmet. Wafanyakazi walikuwa wale wale, wengi wao akina mama wa Kipunjabi kutoka Southall na Hounslow, lakini aliyewaamrisha alikuwa mwingine. Tarehe 10 Agosti walikusanyika kantini kuhoji kwa nini kampuni inaleta vibarua wakati wao wanaambiwa watapunguzwa. Wakaambiwa warudi kazini mara moja. Waliobaki wakafukuzwa, baadhi yao kwa kutangaziwa kwa kipaza sauti cha mkononi. Jumla ya waliopoteza kazi ilizidi 600. Kesho yake wapakiaji mizigo na wahudumu wa British Airways, wengine ndugu na majirani wa akina mama hao, waliacha kazi kwa kuwaunga mkono. Ndege za shirika hilo zikasimama Heathrow kwa zaidi ya siku nzima, abiria zaidi ya 100,000 wakakwama katikati ya likizo, na hasara ikafikia makumi ya mamilioni ya pauni.

Fikiria: bodi za kampuni mbili kubwa, zenye washauri wa kila aina, hazikujua kwamba mpishi wa chakula cha ndege na mpakia mizigo wanaishi mtaa mmoja Hounslow na watoto wao wameoana. Kwenye michoro ya kampuni, jiko lilikuwa mkandarasi wa nje. Kwenye mitaa ya Hounslow lilikuwa shangazi na wifi.

Ombi langu ni kwa wanaofundisha uongozi katika vyuo vyetu, Mzumbe, ESAMI pale Arusha, na kwingineko. Mnawapa wanafunzi visa vya Toyota na General Electric. Wapeni na cha Trico, na mkiweke kando ya cha Mount Carmel. Wapeni orodha ya mishahara ya mstari mmoja wa waipa, wanaume watano na wanawake walio karibu nao, tarehe 23 Mei 1976, kabla mtu yeyote hajavuka kwenda bustanini. Kisha waulizeni wangefanya nini siku hiyo.